Bibi Aliingia Baharini Qantab

Halifax, Kanada
6 Oktoba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, na Shangazi Ibtihal anayekusomea achukue yake hapohapo kabla hajaanza kuguna. Simu huisikii tena, na ile ya picha umeikataa tangu ulipojiona huna meno, basi naandika kwenye simu ya Shangazi. Shangazi, msomee yote. Usiruke.

Bibi, kaa vizuri kwanza. Sisomi tena mambo ya viungo na mifupa. Niliacha mwaka jana na Baba hajui. Sasa nasomea shahada ya tiba kwa burudani. Usicheke! Ni kazi ya hospitali. Mtu akishapooza, au akishakatwa mguu, daktari anamtibu maradhi, wa viungo anamfundisha kunyanyua mkono, kisha wote wanaondoka na yeye anabaki kuangalia ukuta. Hapo ndipo tunapoingia sisi. Tunamwuliza: kabla ya haya, ulikuwa ukipenda nini? Halafu tunatafuta njia akifanye tena, kwa mpango na kwa vipimo, mpaka arudi kuwa mtu.

Baba keshawaambia watu wote wa Bawshar kwamba ananifungulia kliniki. Akisikia nasomea kuchezesha wagonjwa atanirudisha nyumbani kwa ndege ya kwanza. Hakuna anayeweza kumwambia Baba neno akalisikia ila wewe. Nakuomba sana, sema naye. Bila wewe nimekwisha.

Na jambo la pili. Muhula huu kila mwanafunzi anachagua mzee mmoja, anamhoji, anampangia mambo ya kufanya, kisha anaangalia kama yamemsaidia. Mimi nimekuchagua wewe. Nijibu haya: Kitu gani ulikipenda ukakiacha? Siku yako inapitaje? Nani unakaa naye ukazungumza?

Mjukuu wako,
Hind


Salalah
13 Oktoba 2024

Ibtihal,

Nimefika salama, na bandarini kazi zimerundikana. Ahsante kwa ulivyoisimamia nyumba siku zote tatu za matanga. Mama, Mungu amrehemu, amezikwa kwa heshima na watu wametujaa.

Hind asiambiwe. Mitihani yake iko Disemba. Unamkumbuka mtoto wa Thabit: walimpigia simu huko ugenini kumwambia babake kafa, akapanda ndege bila hata koti, na chuoni hakurudi tena. Leo anauza matairi. Sitaki hayo kwa mwanangu. Watoto wote nimewaambia wafute dua na picha za msiba kwenye simu zao. Akimwulizia bibi yake, mjibu wewe kama ulivyokuwa ukimjibu siku zote. Akimaliza mitihani nitamwambia mwenyewe.

Kakako,
Harub


Bawshar, Maskati
15 Oktoba 2024

Kaka Harub,

Nimekusikia, na sitamwambia. Lakini kuna neno nimekaa nalo kifuani tangu Jumatano na haliniachi.

Asubuhi ile, kabla Mama hajaanguka, nilimsomea barua ya Hind. Mtoto ameacha mambo ya viungo. Anasomea kitu kinaitwa tiba kwa burudani, nacho ni shahada kamili, ya hospitali. Mimi nilipigwa na butwaa. Mama alifikiri, kisha akaniambia, "Mwambie Harub amwache mtoto asome anachokitaka. Asimrudishe." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Huo ni wasia, Kaka, nami nimekufikishia.

Nduguyo,
Ibtihal


Salalah
16 Oktoba 2024

Ibtihal,

Wasia wa Mama ni wasia. Asome. Lakini la kifo asiambiwe.

Harub


Bawshar, Maskati
18 Oktoba 2024

Mwanangu Hind,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikadhani miwani yangu imeharibika. Mara ya pili nikakaa chini. Tiba kwa burudani! Miaka yote hii tunauguza watu kwa panadoli na Yasini, kumbe tungetoa karata tu wakapona! Mwaka mzima umetuficha, mtoto wewe, na sauti yako kwenye simu haitetereki hata kidogo. Sijui umerithi kwa nani.

Haya. Bibi yako amesikia yote, sikuruka. Alicheka mpaka mto ukaanguka chini. Akasema, "Mwacheni asome." Babako ameambiwa, na amekubali. Usimpigie kumshukuru, mwache atulie, unamjua alivyo.

Maswali yako amejibu hivi. Kitu alichokipenda akakiacha: bahari. Anasema zamani wakienda Qantab, wanaume wanaogelea, yeye anakaa juu ya mkeka na kulinda sufuria ya pilau, nguo zote mwilini, jasho linamtiririka, na maji yale pale. Hakuwahi kuingia hata siku moja. Siku yake inapitaje: anaamka, anakaa, anaangalia mlango. Nani anakaa naye akazungumza: hakuna.

Soma kwa bidii.

Shangazi yako,
Ibtihal


Halifax
27 Oktoba 2024

Bibi yangu na Shangazi yangu,

Nimelia kwa furaha mpaka mwenzangu wa chumbani akafikiri nimefiwa. Bibi, umeniokoa! Nilijua utamweza Baba. Tangu utoto wangu najua: Baba mkali, Bibi ndiye kimbilio.

Lakini jibu lako la mwisho limenishtua. Hakuna? Na Shangazi yuko hapo hapo na wewe kutwa kucha? Shangazi, usikasirike, nasoma tu alivyosema. Mhadhiri wangu ameniambia jibu hilo ndilo nianze nalo.

Mpango ni huu. Kwanza nendeni Qantab mkae ndani ya gari tu, mtazame maji, mrudi. Safari nyingine mtoe kiti, mkae ufukweni na birika la chai, na Namuddu aje naye, aache kufua na kupika, siku hiyo si mfanyakazi wa nyumbani, ni mwenzenu. Mkiona raha imeingia, Bibi atie miguu majini akiwa amekaa kitini. Miguu tu! Nyonga yako ina chuma, Bibi, sitaki ushujaa. Kila mkirudi, niandikieni: umelala vipi, umekula nini, umecheka au hukucheka.

Shangazi, nawe ukipata nafasi tia mguu. Haikatazwi.

Hind


Bawshar, Maskati
24 Novemba 2024

Hind mwanangu,

Hii ni ripoti yako, bibi yako anasema na mimi naandika kama anavyosema.

"Mara ya kwanza tulikaa garini na sikuona maana yake. Nilijiona mjinga, mtu mzima kutazama maji kwenye kioo kama anayengoja foleni ya petroli. Mara ya pili tulitoa viti. Wavuvi walikuwa wakivuta boti zao, Namuddu akawa anawauliza bei ya samaki kwa Kiarabu chake, wao wanamjibu kwa Kiswahili, tukacheka. Nilikula mkate mzima. Sikumbuki mara ya mwisho nilikula mkate mzima.

"Leo niliingia. Nilisema natia miguu tu, wallahi ndiyo nia yangu. Maji yakanifika magotini, nguo zikawa nzito, nikasema nirudi, na miguu ikakataa kurudi. Namuddu alinishika mkono, naye hajui kuogelea, tumeshikana kama watu wanaovuka barabara kuu. Tukaenda mpaka yakanifika shingoni. Hind, maji yanakunyanyua! Hukanyagi chini na huanguki! Nilipiga kelele mpaka wavuvi wakageuka. Sikuona haya hata chembe.

"Usingizi umekuwa mzuri. Sasa nalala moja kwa moja mpaka alfajiri, sikai tena nikisikiliza kama mtu ananiita."

Ndivyo alivyosema. Mhadhiri wako atafurahi.

Ibtihal


Halifax
26 Novemba 2024

Shangazi,

Nilipofika kwenye maji ya shingoni nilipiga ukelele maktabani, watu wote wakanitazama. Bibi hashuki ngazi ya sebuleni bila kushikwa na watu wawili. Nilikasirika, nikasema Shangazi na Namuddu wamerukwa na akili, watamvunja. Halafu nikasema hapana, Shangazi ametia chumvi ili nifaulu.

Kisha nikasoma tena ule mstari wa usingizi. Tunafundishwa hapa kuyasoma majibu ya watu polepole. Mgonjwa halali akisikiliza kama anaitwa, Shangazi. Mgonjwa ndiye anayeita. Anayelala sikio moja likiwa macho ni yule anayeuguza. Nikarudi kwenye majibu ya mwanzo. Anaamka, anakaa, anaangalia mlango. Hana wa kuzungumza naye. Huyu si Bibi. Huyu ni wewe. Wewe ndiye uliyelinda sufuria Qantab, na wewe ndiye uliyeingia baharini.

Nimekupigia simu tangu jana hupokei. Namuddu naye amepokea, amesikia sauti yangu, akaanza kulia na kukata.

Kama wewe husikilizi tena usiku kama unaitwa, Bibi yuko wapi?

Hind


Bawshar, Maskati
26 Novemba 2024

Hind,

Mwite mwenzako wa chumbani akae karibu nawe, kisha ndiyo usome.

Bibi yako hatunaye. Alitutoka Jumatano, tarehe 9 Oktoba, kabla ya Adhuhuri. Alianguka mlangoni mwa jikoni, na nilipomfikia ulimi ulishafunga. Tulimpeleka hospitali, lakini hakupona. Amezikwa vizuri, na watu wengi wamemwombea. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Babako alitaka umalize mitihani kwanza, na mimi nilikubali. Ulipoandika maswali, nilianza kujibu ili usishtuke. Sikujua kama najijibia mimi. Niliacha kufundisha ili nimuuguze Mama, na alipoondoka sikuwa na pa kwenda asubuhi. Ukanipa pa kwenda. Hilo nalo ni kweli, ingawa sasa hutaki kulisikia.

Simu sikuipokea kwa sababu sauti yangu ingekwambia kabla yangu.

Lakini wasia wake kwako ni wa kweli. Barua yako nilimsomea asubuhi ileile, akakuruhusu. Jishike na hilo.

Shangazi yako


Halifax
27 Novemba 2024

Shangazi,

Siwezi kuandika vizuri. Wiki saba! Nimemwambia Bibi asifanye ushujaa baharini, na Bibi yuko kaburini. Nimelipangia kaburi chai na viti. Ndugu zangu wote walijua, Namuddu alijua, mpaka wauza duka wa mtaani walijua, na mimi nilikuwa nikichekelea hapa kwenye theluji.

Na sasa nimeelewa lile ambalo hukulisema. Ulimsomea barua yangu asubuhi. Akafa kabla ya Adhuhuri. Mtu wa miaka yake, presha yake, anaambiwa mjukuu wake amewadanganya mwaka mzima na amekimbia udaktari wa viungo. Ulisema alicheka. Hakucheka, Shangazi, sivyo? Alishtuka.

Nimemuua Bibi kwa barua. Niambie. Usinifiche tena kitu.

Hind


Bawshar, Maskati
27 Novemba 2024

Hind, Hind, Hind,

La. La, mwanangu, hapana!

Hakuisikia barua yako. Naapa kwa Mungu aliyemchukua, hakuisikia. Ilifika ikakaa kwenye simu yangu haijafunguliwa, maana siku zile miguu yake ilikuwa imevimba na sikuwa na nafasi ya kitu. Niliifungua Jumapili ile baada ya matanga, watu wameondoka, babako amesharudi Salalah, viti vya kukodi vimerundikwa uani vinangoja gari. Niliisoma peke yangu. Hakucheka na hakukasirika. Alikuwa amekwisha zikwa.

Basi sasa unajua na lile jingine. Hakuusia. Neno "mwacheni asome" nimelitunga mimi, nimemwekea marehemu mdomoni na kumpelekea kakangu kama wasia. Mamangu mzazi nimemsingizia na udongo wake haujakauka. Nilikuwa nikiogopa babako atakurudisha, nawe utakuja ukae kwenye kiti nilichokalia mimi. Nilitaka kulificha hili mpaka naingia kaburini, lakini siwezi kukuacha uamini umeua.

Nilaumu mimi. Sitajitetea.

Ibtihal


Halifax
29 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Najua kuhusu Bibi. Usimgombeze Shangazi, nilijua mwenyewe.

Ulinikubalia nisome kwa sababu ya wasia wa Bibi. Nimehakikisha sasa kwamba wasia huo haukuwepo. Bibi hakuambiwa chochote. Nimesoma muhula mzima kwa ruhusa ambayo hakuna aliyenipa, na siwezi kuingia kwenye mtihani nikiwa nimeibeba ruhusa ya uongo ya maiti. Naacha. Nitafutie tiketi. Nitarudi kwenye viungo ukitaka, au nitakaa nyumbani, sijali tena.

Hind


Salalah
30 Novemba 2024

Hind binti Harub,

Nimeipata barua yako. Nimekosa kukuficha, na nakuomba radhi. Nilidhani nakukinga.

Sasa nisikilize, kwa sababu haya sijamwambia mtu. Siku Ibtihal aliponiletea wasia ule nilijua palepale kuwa si wa Mama. Sikuwa na haja ya kuuliza. Wewe umekua ukiamini babako ndiye mkali na bibi yako ndiye kimbilio, nami nilikuacha uamini hivyo kwa sababu mtoto anahitaji kimbilio. Ukweli ni kwamba aliyetaka uwe daktari wa viungo ni Mama. Ulipomaliza shule, mimi nilisema achague mwenyewe. Mama hakunisemesha mwezi mzima. Kliniki ni maneno yake, mimi nilikuwa nikiyafikisha tu. Angekuwa hai akaisikia barua yako, angeniamuru nikurudishe, na mimi ningetii, kwa sababu sijawahi kumkatalia.

Na Ibtihal, unafikiri nani alimkalisha na sufuria Qantab? Baba yetu alikuwa akisema mwacheni mtoto aingie majini. Mama ndiye aliyesema haingii. Mimi nilikuwa ndani ya maji, naogelea, namwona amekaa, na sikusema kitu. Alipotaka kwenda kusoma ugenini, Mama alisema haendi. Nilikuwa mtu mzima siku hiyo, na vilevile sikusema kitu.

Kwa hiyo nilipousoma ule "wasia" nilijua nani anayeomba. Ibtihal hajaniomba kitu maishani mwake. Nikajifanya nimeamini.

Nampenda mamangu na nitamwombea mpaka nife. Lakini usimtafutie ruhusa yake, mwanangu. Bibi yako hakukuruhusu, na asingekuruhusu. Nakuruhusu mimi. Kaa ufanye mitihani yako.

Shangazi yako hajui kama nilijua. Ana aibu nyingi sasa, usimwongezee. Asiambiwe.

Babako,
Harub


Halifax
1 Disemba 2024

Shangazi,

Baba ameniandikia na ameniamuru nisikwambie. Nakwambia.

Alijua. Tangu siku uliyomwandikia alijua wasia ni wako, na aliukubali kwa sababu ulikuwa wako. Barua yake nakuletea yote pamoja na hii, isome mpaka mwisho, hata mahali panapouma, na mahali pa Qantab panauma. Kama atanigombeza kwa hili, na anigombeze. Nyumba yetu imejaa watu wema wanaofichana mambo ili wasiumizane, na mimi nimeumia vya kutosha kwa kukingwa. Nami nilianza, mwaka mzima niliwaficha. Nimekoma.

Bado nimekukasirikia. Nakasirika asubuhi, mchana nakuombea, jioni nakasirika tena. Na Bibi sijui nimlilie yupi, yule aliyenificha kwenye kanga yake Baba akinitafuta, au yule aliyekukalisha juani. Nimewalilia wote wawili. Jana nilipika pilau nikaialika nyumba nzima, Wakanada na Wachina, wakakaa sakafuni wakala, na mmoja wao akaniuliza marehemu alikuwa mtu gani. Nikasema tu alikuwa bibi yangu.

Nimeenda kwa mhadhiri nikamweleza yote. Nilidhani atanifukuza darasani. Alishika kichwa, kisha akasema kazi yangu haiwezi kupokelewa, kwa sababu mwenye majibu yale hakuulizwa kama anakubali. Jina la Bibi, Hamdiya, nimelikata. Mahali pake pako wazi.

Basi nakuuliza wewe, Ibtihal binti Hamdiya, mwalimu, mkazi wa Bawshar. Unakubali nikuandike? Usimwulize Baba na usinijibu kwa mdomo wa mtu mwingine. Nijibu mwenyewe, ndiyo au hapana, utie jina lako.

Hind